Theodore Gordon na Jogoo wa Rangi ya Moshi

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu huchapisha maisha ya mtu mashuhuri, na kila mwaka huwa ni walewale: wapigania uhuru, marais na wanariadha. Siwadharau, la hasha! Lakini safari hii naomba uniruhusu nikusimulie juu ya mtu ambaye pengine hujapata kumsikia hata siku moja, ijapokuwa miongoni mwa wavuvi wa samaki aina ya trauti jina lake linatajwa kwa heshima kama sisi tunavyolitaja jina la Shaaban Robert. Anaitwa Theodore Gordon. Alikuwa Mmarekani, na alifariki mwaka 1915. Kazi iliyompa sifa ilikuwa ni kuchagua manyoya ya jogoo na kuyafunga kwenye ndoana.

Najua unacheka. Hata mimi nilicheka. Ngoja kwanza nikueleze vile nilivyoacha kucheka.

Mama yangu hufunga nzi. Si wale nzi wa chooni, ni nzi bandia wa kuvulia samaki. Fundi huchukua ndoana ndogo, pengine ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akaibana kwenye jiliwa, ambayo mafundi wa kwetu huiita vaisi, kisha akaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Trauti akimwona hudhani amepata chakula, kumbe ndiyo mwisho wake. Kenya yetu hutengeneza nzi hawa kwa wingi na kuwauza ng'ambo, na kina mama wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mama hulipwa kwa dazani. Manyoya hujitafutia mwenyewe, na kazi ya kuyachagua na kuyapanga mafungu ni yangu tangu nikiwa darasa la sita.

Basi wakati wa likizo ya Agosti, nilipokuwa Kidato cha Pili, Mama aliletewa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Lakini hawakuwa wale nzi aliowazoea. Miaka yote alikuwa akifunga nzi wanaozama, na hawa walitakiwa waelee juu ya maji. Mama alikuwa na shida ya macho siku hizo, kwa hivyo aliniachia mimi kila kitu cha manyoya. Nami nikachagua kama nilivyozoea: manyoya mapana, mororo, yanayopendeza mkononi, mengine ya mitetea kabisa. Mama akafunga usiku na mchana kwa muda wa wiki tatu. Mnunuzi alipokuja, alijaza maji kwenye karai letu la kufulia, akatumbukiza nzi mmoja, akatumbukiza wa pili, akatumbukiza wa tatu. Wote walizama kama mawe. Alifunga mkoba wake akaondoka, na hatukupata hata ndururu. Muhula wa tatu ulipofunguliwa sikuwa na pesa za chakula cha mchana, na kwa majuma mawili nilikuwa nikikaa chini ya mti wenzangu wanapokula. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jirani yetu ni mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika Idara ya Uvuvi, kule Kiganjo ambako serikali hulea vifaranga vya trauti. Alisikia habari zetu (nani asiyesikia habari za jirani?) akaniita. Aliyatazama manyoya yangu kwa muda mrefu bila ya kusema neno, halafu akaingia ndani akatoka na kitabu kilichochakaa. Ndani yake mlikuwa na barua na makala za Theodore Gordon, zilizokusanywa na John McDonald na kuchapishwa mwaka 1947. Nilikisoma na kamusi mkononi mpaka shule zikafungwa. Haya ninayokusimulia mengi niliyapata humo, na mengine kwa mzee.

Gordon alizaliwa mwaka 1854 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Familia yake ilikuwa na uwezo, lakini baba alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, na akalelewa na mama. Alikuwa mdogo wa umbo na mwenye afya mbovu. Watoto wengine walipokuwa wakikimbizana, yeye alikuwa mtoni. Kufunga nzi alijifundisha mwenyewe kutoka kwa kitabu cha Thaddeus Norris kilichotoka mwaka 1864. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na karakana, ni kitabu na vidole vyake tu. Jambo hili lilinitia moyo sana kwa sababu mimi nilikuwa na kitabu, vidole na mzee pia.

Baadaye maisha yalimpeleka kusini, hadi Savannah katika jimbo la Georgia, ambako alifanya kazi za mambo ya fedha. Mali ya jamaa zake ikapukutika. Mapafu yake nayo hayakuwa na nguvu. Sina haja ya kukuchosha na miaka hiyo, maana hata yeye mwenyewe haelekei kuwa aliijali sana. Mtu huyu aliishi kwa ajili ya mito, na mito iliyomteka ilikuwa ile ya milima ya Catskill, jimbo la New York, hasa mto Neversink.

Sasa yafaa uelewe hali ya mito hiyo ilivyokuwa. Trauti wa asili wa huko walikuwa wepesi kunaswa. Wavuvi waliwatupia nzi wa rangi kali kali, nyekundu na manjano na nyeupe, wasiofanana na mdudu yeyote aliyeumbwa na Mungu, wakawavuta chini ya maji, na samaki wakauma. Lakini misitu ya Catskill ilikatwa ili kupata magome ya kulainishia ngozi viwandani. Maji yakapata joto, yakachafuka, samaki wale wakapungua. Ndipo mwaka 1883 mayai ya trauti wa kahawia yakaletwa Marekani kutoka Ujerumani. Samaki huyu alivumilia maji mabaya, lakini alikuwa mjanja kama sungura wa hadithi. Alikaa chini ya mwamba akitazama, na alipopanda juu kula vidudu vinavyoelea, hakutaka kingine ila vidudu hivyo. Zile rangi kali hakuzijali hata kidogo.

Niseme kando kidogo kwamba trauti wa kahawia ndiye huyuhuyu wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, akayatia katika mto Gura unaotoka milima ya Aberdare. Mimi huvuka daraja la mto huo nikienda kwa nyanya yangu, na kabla ya kusoma habari za Gordon sikujua kwamba samaki wale ni wageni.

Huko Uingereza walikuwa wamekwisha kuishi na trauti wa kahawia tangu zamani, na bwana mmoja kwa jina Frederic Halford alikuwa ametoa kitabu mwaka 1886 juu ya nzi wanaoelea na jinsi ya kuwafunga. Gordon, mtu mgonjwa wa ng'ambo ya pili ya bahari, asiyejulikana na yeyote, aliandika barua kwa Halford. Halford akajibu! Mwezi wa Februari mwaka 1890 Gordon alifungua bahasha yenye barua na nzi wa kuelea wa aina kadha wa kadha. Nadhani ungemwona siku hiyo ungesema ni mtoto aliyeletewa viatu vya Krismasi.

Lakini hapa ndipo ninapompenda huyu mtu. Angeweza kuwaiga nzi wale jinsi walivyo na kujiita fundi. Hakufanya hivyo. Aliwatazama, akautazama mto wake, akaona kuna kasoro. Mito ya Halford kusini mwa Uingereza ni mipole, maji yanatambaa juu ya majani. Neversink unapiga mbio juu ya mawe na kutoa povu. Tena vidudu vya Uingereza si vidudu vya Marekani. Kwa hivyo Gordon alianza upya. Alipindua mawe, akavikamata vidudu, akavichunguza rangi na ukubwa, kisha akarudi nyumbani kutafuta unyoya utakaofanana navyo na ambao utasimama kwenye maji ya kasi.

Na unyoya wa kusimama kwenye maji ya kasi hautoki kwa kuku yeyote tu. Hebu niruhusu nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipowaponza wa kwetu.

Nzi wa kuelea hashikiliwi juu na mwili wake, kwa maana ndoana ni chuma. Anashikiliwa na vijiuzi vya unyoya uliozungushwa shingoni mwake. Vijiuzi hivyo husimama pande zote kama miale ya jua, ncha zake zikakanyaga ngozi ya maji bila kuitoboa. Vikiwa laini hujikunja, vikanywa maji, na nzi huzama. Unyoya wa mtetea ni laini na hunywa maji, kwa hivyo unafaa nzi wa kuzama, kwa kuwa unachezacheza chini ya maji kama miguu ya mdudu. Kumbe mimi sikuwa nimechagua manyoya mabaya. Nilichagua manyoya mazuri ya kazi nyingine!

Kwa nzi wa kuelea ni lazima jogoo, na si jogoo wa miezi mitano. Awe amekomaa, manyoya ya shingo yamemaliza kuota na yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Mzee alinifundisha kushika unyoya na kuuinua mbele ya jua. Karibu na uti utaona sehemu iliyofifia, kama pamba. Sehemu hiyo ndiyo inayonywa maji, na katika unyoya mzuri huwa nyembamba mno au haipo kabisa kuelekea ncha. Kisha unaukunja unyoya ili vijiuzi visimame, ukavigusisha mdomoni. Vikichoma kidogo, ni vizuri. Vikibembeleza, rudisha kwenye gunia. Uti nao uwe mwembamba na usiovunjika, la sivyo utakapouzungusha utajipinda ubavu. Mwisho unapima urefu: vijiuzi vizidi upana wa mdomo wa ndoana, kama mara moja na nusu hivi. Virefu mno nzi huanguka ubavu, vifupi mno tumbo linalowa. Shingo moja ya jogoo ina manyoya mengi, lakini yanayofaa ndoana ndogo kabisa ni yale ya juu karibu na kichwa, nayo si mengi.

Hayo yote Gordon aliyajua. Taabu yake kubwa ilikuwa rangi. Vidudu vingi vinavyoruka mapema katika majira ya kuchipua huko Catskill vina mabawa na miguu ya kijivu chenye ubluu kwa mbali, kama moshi wa kuni mbichi unapopanda asubuhi. Jogoo wa rangi hiyo walikuwa adimu, na wenye rangi hiyo pamoja na unyoya mgumu walikuwa adimu zaidi. Wakulima walifuga kuku kwa mayai na nyama. Jogoo mwenye shingo nzuri aliingia sufuriani kabla ya shingo hiyo kukomaa. Wengine walipaka rangi manyoya meupe, lakini rangi ya chunguni haina ule mng'aro wa kuku mwenyewe. Ndiyo maana barua zake zinarudia manyoya, manyoya, manyoya, kama vile mimi ninavyorudia hapa.

Kwa nini ni adimu? Mwalimu wetu wa Bayolojia alinisaidia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Gordon akiwa bado hai, Waingereza William Bateson na Reginald Punnett walichunguza kuku wa kijivu waitwao Andalusia. Ukimpandisha jogoo wa kijivu na mtetea wa kijivu hupati vifaranga vya kijivu vyote. Kwa kawaida nusu watakuwa kijivu, robo weusi na robo weupe wenye madoadoa. Rangi hiyo inatokea pale mzazi mmoja anapotoa weusi na mwingine anapotoa weupe huo, kwa hivyo haitulii kamwe. Ajabu ni kwamba ukimchukua mweusi na yule mweupe wa madoa, vifaranga vyote vinatoka kijivu. Wafugaji wengi hawakuyajua hayo, wakaona ni bahati nasibu tu.

Nzi wa Gordon aliyejulikana kuliko wote huitwa Quill Gordon. Mkia na unyoya wa shingoni ni ile rangi ya moshi. Mabawa ni ya bata mmoja wa Marekani mwenye manyoya ya rangi ya limau yaliyochanjwa mistari myembamba. Mwili ni uti mmoja wa unyoya wa tausi, uliokwanguliwa vijiuzi vyake vyote ukabaki na mstari wa giza na mstari wa mwanga, hata ukiuzungusha unakuwa pingili pingili kama tumbo la mdudu. Ni hivyo tu. Nzi mwenyewe hana madaha. Ukimweka karibu na wale wa rangi kali wa zamani utadhani ni mwombaji kwenye karamu. Lakini trauti walimwamini.

Miaka yake ya mwisho Gordon aliishi kando ya Neversink moja kwa moja, katika nyumba za wakulima, majira ya baridi na ya joto. Fikiria baridi ya huko, theluji imefunga njia, na mtu mwenye kifua kibovu amekaa karibu na jiko la chuma akifunga nzi wa wateja ili apate pesa za kumsukuma mwezi. Hakuoa. Ipo picha moja yake akiwa mtoni na mwanamke aliyevaa sketi ndefu, na jina la mwanamke huyo wavuvi wa Marekani wanalitafuta hadi leo. Alikuwa na marafiki wachache, miongoni mwao Roy Steenrod, mfanyakazi wa posta katika mji wa Liberty, ambaye Gordon alimfundisha kufunga nzi, na ambaye baadaye naye alivumbua nzi wake mashuhuri kwa jina Hendrickson. Wengine wote aliwafikia kwa kalamu. Aliandika katika gazeti la wavuvi la London na katika Forest and Stream la Marekani, akaandikiana pia na G. E. M. Skues wa Uingereza. Mtu ambaye hakuweza kutoka nje kwa wiki nzima alikuwa na masahaba ng'ambo ya bahari.

Alifariki tarehe 1 Mei mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 60. Ni kifua kikuu kilichomuua. Mei ni mwezi ambao vidudu vya rangi ya moshi bado vinaruka juu ya Neversink.

Mto wenyewe nao haukusalia jinsi alivyouacha. Mwaka 1953 bwawa kubwa lilikamilika ili kuwapatia maji wakazi wa jiji la New York, kama Ndakaini inavyowapa maji watu wa Nairobi, na sehemu kubwa ya maji aliyoyavua Gordon iko chini ya bwawa hilo. Kilichobaki ni nzi, na jogoo. Maana baada yake walitokea watu wa Catskill waliofuga kuku kwa ajili ya manyoya tu, kama vile Harry Darbee, ambaye aliwapandisha jogoo wa kijivu kizazi baada ya kizazi na kugawia wenzake mayai. Siku hizi kuna majogoo wa kuzalishwa maalumu ambao unyoya wao mmoja ni mrefu wa kufunga nzi kadhaa. Mwaka 2011 wasichana wa Marekani walianza kujifunga manyoya hayo kwenye nywele kuwa mtindo, na maduka ya wavuvi yakaishiwa kabisa! Sijui Gordon angesema nini. Nadhani angekasirika kidogo, kisha angeandika barua.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata Mama alipata oda nyingine ya nzi wa kuelea, ndogo, dazani kumi tu. Nilizunguka kwa miguu soko la Jumatano nikiwaangalia majogoo shingoni mpaka wauzaji wakadhani nina kichaa. Nilinunua wawili, wazee, wekundu, wa nyama ngumu isiyotakiwa na mtu. Nilijaza maji kwenye karai lilelile. Mama alisimama mlangoni, hakutaka kukaribia. Nzi wa kwanza alikaa juu ya maji kama aliyekaa kwenye kiti.

Sasa tuna jogoo wa kijivu. Nilimpata akiwa kifaranga kwa nyanya yangu, ng'ambo ya Gura, na nimempandisha na mitetea yetu miwili myeusi. Vifaranga tisa vimeanguliwa: vinne kijivu, vitano vyeusi. Yeye mwenyewe ana miezi kumi, shingo yake imeanza kung'aa, na wageni wa Krismasi wanakuja. Nimemwandikia Mama barua rasmi, yenye anwani na mada, kama tunavyofundishwa katika Insha, nikimwomba asimchinje kabla ya Machi. Bado hajanijibu, lakini jana jioni nilimwona akimrushia mahindi peke yake.